Msanidi Programu Anapoambiwa Ahamie Wavuti

Mtu ameandika programu za kompyuta kwa miaka kumi na zaidi. Anajua kumbukumbu inavyogawiwa, anajua kazi mbili zinazokwenda kwa pamoja zinavyoweza kuharibiana data, na hitilafu ikitokea anajua pa kuanzia kuitafuta. Kisha mkuu wa timu anamwambia kuwa mradi ujao ni wa wavuti, naye yumo. Anasita. Wenzake wanasema anaogopa kujifunza, au anaidharau kazi ya tovuti. Naona hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Kusita kwake kuna sababu, na baadhi yake ni nzito.

Ipo lugha yenyewe, JavaScript, inayoendesha programu ndani ya kurasa za wavuti. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku kama 10 tu mwaka 1995, na haraka ile bado inaonekana. Ukiiuliza lugha hiyo thamani tupu, null, ni ya aina gani, inajibu kuwa ni "object". Kosa hilo lina umri sawa na lugha, kila mtu analijua, na halirekebishwi. Aliyezoea lugha inayomkatalia makosa kabla programu haijaanza kwenda huhisi amekabidhiwa rula iliyopinda.

Yapo pia mabadiliko yasiyokoma. AngularJS, fremuweki (kiunzi cha msimbo ulio tayari cha kujengea programu za wavuti), ilitoka mwaka 2010. Mwaka 2016 ikaja Angular mpya, iliyoandikwa upya kabisa, na mwisho wa 2021 ile ya kwanza ikaachwa bila matengenezo. Waliokuwa wameijua kwa undani walibaki na ujuzi uliopoteza soko. Machi mwaka huohuo wa 2016, mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad kwenye npm, hazina ambamo wasanidi wa JavaScript huchukua vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine. Kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo, lakini miradi mingi duniani ilishindwa kujengeka kwa saa kadhaa. Mtu makini akikataa kuweka kazi yake juu ya nguzo za namna hiyo, simwiti mvivu.

Lakini turudi kwenye lile kosa la null. Halirekebishwi kwa sababu kulirekebisha kungevunja kurasa zilizokwisha kuandikwa. Uaminifu huohuo kwa vya zamani ndio unaozifanya kurasa za awali za Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alizoandika katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, zifunguke hata leo katika kivinjari cha kawaida. Msingi wa wavuti, yaani HTTP (kanuni za kuomba na kutuma kurasa), HTML (lugha ya kuandikia kurasa) na vivinjari vyenyewe, hukua polepole na hautupi watu wake. Kinachochakaa upesi ni vile vinavyojengwa juu yake. Na huko anakotoka msanidi wetu hakujawa salama zaidi: waliotegemea Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu za Windows iliyotoka 1998, walikuta mrithi wake wa 2002 haupokei programu zao bila kuandika upya sehemu kubwa.

Kwangu mimi hoja yenye uzito kuliko zote iko kwenye kazi ya kila siku. Chukua ukurasa wa malipo. Mteja anabonyeza kitufe, mtandao unakatika, anabonyeza tena. Ombi la kwanza lilifika au halikufika? Atozwe mara moja au mbili? HTTP haikumbuki ombi lililotangulia. Kumbukumbu hiyo lazima aijenge msanidi. Aliyejifunza fremuweki mpya kwa miezi mitatu anaweza kuuchora ukurasa vizuri sana asilifikirie swali hilo hata kidogo. Yule aliyepambana miaka mingi na kazi zinazogongana ndani ya kompyuta moja atalinusa mapema, kwa kuwa ni tatizo lilelile, safari hii limegawanyika kati ya mashine mbili na waya usioaminika. Mfano wa ujuzi wa zamani uliohamia wavuti ni Anders Hejlsberg: aliandika Turbo Pascal na kubuni Delphi na C#, zana na lugha za programu za kompyuta, na ndiye aliyeongoza kazi ya TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data, iliyotangazwa 2012. Alihamishia wavuti ile nidhamu ya aina za data, na wavuti ilikuwa ikiihitaji.

Hilo halifuti hasara anayoipata mtu binafsi. Jana alikuwa anaulizwa, leo yeye ndiye anauliza, pengine kwa kijana aliyemfundisha mwenyewe. Inauma, na mwajiri hapaswi kujifanya haoni. Mwajiri ana haki ya kutaka programu isiyohitaji kusakinishwa, inayosasishwa kwa watumiaji wote mara moja. Hana haki ya kudai kasi ileile ya zamani wiki ya pili, kisha kuandika kwenye tathmini kwamba mtu ameshuka kiwango.

Anayependa hasa kuongea na mashine kwa karibu, kwenye viendeshi (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) au vifaa vidogo, naona afadhali aombe idara nyingine mapema. WebAssembly haitamwokoa: ni teknolojia inayoruhusu lugha zilizo karibu na mashine, kama C++ na Rust, ndani ya kivinjari, lakini ukurasa wenyewe bado unaguswa kupitia JavaScript.

Wengine wote ningewashauri wasijibu ndiyo wala hapana kabla ya kuuliza. Ni fremuweki gani, na nani ataitunza? Je, TypeScript inatumika? Kuna miezi mingapi ya kujifunza ndani ya saa za kazi, na tathmini ya kipindi hicho itapimwa kwa nini? Kisha waombe kuanzia upande wa seva, kwenye malipo, hifadhidata na usalama, ambako walichokijua jana kinafanya kazi tangu siku ya kwanza.