Mgomo wa treni Ujerumani umenikumbusha Ubungo

Januari 2024 madereva wa treni hapa Ujerumani waligoma kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 24 hadi tarehe 29. Chama chao, GDL, kilikuwa kinadai wiki ya kazi ya saa 35 badala ya 38, na mshahara usiguswe. Mimi nilikuwa na tiketi ya tarehe 26 kwenda Frankfurt, kumpokea mtoto wa shangazi uwanja wa ndege. Kwa mtu niliyezoea mabasi ya mkoani, nilichosema moyoni ni kimoja: hela hiyo imeliwa.

Haikuliwa. Nilijaza fomu kwenye simu nikiwa kitandani, na nauli yote ikarudi benki. Sikumpigia mtu, wala sikutafuta anayemjua meneja. Mgeni wangu alikuja kwa basi, amenuna, ila hilo ni la familia.

Kilichonishangaza zaidi ni maongezi ya kazini. Watu walilalamika, tena sana, lakini madereva hawakutukanwa kiasi nilichotegemea. Mzee mmoja alisema waache wapiganie saa zao, yeye chake kimerudi.

Nikamkumbuka abiria wa Ubungo, iliyokuwa stendi kuu ya mabasi ya mkoani Dar es Salaam, 10 Aprili 2015, siku madereva wa mabasi na daladala walipogoma Tanzania. Nilikuwepo, na begi langu na tiketi ya Mbeya. Madereva walikuwa wanapinga sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na wengi wao walikuwa wanaendesha bila mkataba wa ajira. Ukiwasikiliza, walikuwa na hoja. Lakini nani awasikilize? Wakala aliyeniuzia tiketi aliniandikia kwa peni neno "kesho" nyuma yake, akafunga dirisha. Sisi abiria tukawageukia madereva kwa matusi, kwa kuwa nauli yetu ndiyo iliyokuwa inaungua. Mwenye basi, ambaye ndiye alikuwa hataki kutoa mikataba na ambaye pesa zetu zilikuwa mfukoni mwake, hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja.

Ndiyo maana naona haki ya kurudishiwa nauli si jambo la abiria peke yake: aliyerudishiwa chake hana sababu ya kumtukana dereva. Huku imeandikwa kwenye Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, iliyoanza kutumika 7 Juni 2023. Treni ikifutwa, au ikionekana itachelewa kufika kwa dakika 60 na zaidi, wewe ndiye unayechagua: urudishiwe nauli au upelekwe kwa njia nyingine. Ukisafiri ukachelewa saa moja, unadai fidia ya 25% ya nauli, na zikifika saa mbili ni 50%. (Treni ikikaribia kufika na dakika 57 za kuchelewa, utaona behewa zima linaangalia saa. Watu wazima wanaomba zipite tatu nyingine.) Kampuni inaweza kukataa kulipa fidia kwa mambo kama hali mbaya sana ya hewa, au wezi wakiiba nyaya za reli. Mgomo wa wafanyakazi wake? Kanuni inasema wazi kwamba huo si kisingizio. Ni ugomvi wa ndani ya nyumba. Mgeni aliyelipia chakula halali njaa kwa sababu wenyeji wamenuniana.

Siwasifii mno. Anayelipwa ni anayedai, na una miezi 3 tu ya kudai. Ukinunua tiketi huku umeshaambiwa treni itachelewa, fidia huna. Na Uingereza wana ujanja wao: siku ya mgomo kampuni hutoa ratiba pungufu, kisha ucheleweshaji unahesabiwa kwa ratiba hiyo. Ukiamua kutosafiri kwa kuwa treni yako imefutwa nauli inarudi, lakini ukisafiri, treni chache za siku hiyo ndizo kipimo chako.

Nyumbani sasa tuna LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na baraza lake la kutetea watumiaji wa usafiri. Tuna reli ya kisasa ya SGR inayofika Dodoma tangu Julai 2024. Na migomo ya reli si hadithi ya Wazungu: wafanyakazi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wameshagoma kwa mishahara iliyocheleweshwa, na abiria wakabaki stesheni wakiwalaumu watu ambao nao nyumbani hawakuwa na kitu.

Ile tiketi ya Mbeya ilikuwa na maandishi ambayo msomaji aliyepanda basi Tanzania atayakumbuka: nauli ikishalipwa hairudishwi. Ningepewa nafasi, ningeongeza maneno matatu tu: isipokuwa gari lisipoondoka.