Hii Bado Si Baridi

Jamani, naomba mtu aniambie baridi yenyewe inaanza lini, maana hapa Ulaya nilipo meno yanagongana, na kila ninayemlalamikia ananitazama kwa huruma na kusema, "Hii bado." Mama wa ghorofa ya chini: hii bado. Dereva wa basi: hii bado. Mkuu wa kituo tunachojitolea, mtu mwema kabisa, nilimkuta nje na fulana ya mikono mifupi anakunywa kahawa. Kuniona na skafu mbili, akacheka hadi kahawa ikamwagika. Sasa kama hii bado, hiyo yenyewe ikija itamkuta nani?

Tumekuja familia nzima, mimi, mama watoto na watoto watatu, mwaka mmoja wa kujitolea. Mkataba ulitaja posho, malazi na bima. Haukutaja kwamba ikifika Oktoba kazi kubwa ni kuvaa. Mimi nilijua nguo ni nguo. Kumbe kuvaa kuna masomo yake: ya ndani kabisa isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikishanywa jasho haikauki, inakugandisha, ya kati iwe ya sufu, ya juu izuie upepo na mvua. Haya, nimevaa. Napanda basi, ndani kuna joto la kuokea mkate. Navua. Nashuka, navaa. Naingia kituoni, navua. Koti limekaa mkononi mwangu kuliko lilivyokaa mwilini.

Na kazi yetu hapo kituoni, msicheke, ni kupanga makoti ya msaada. Magunia kwa magunia. Tunatenga ya watoto, ya wakubwa, na yale yaliyokufa zipu. Siku moja mama msimamizi akanipima kwa macho kutoka utosini hadi viatuni, akachomoa koti moja refu, akanikabidhi. Nikaenda kulitundika na wenzake. Akanirudisha: "Hapana, hilo ni lako." Nimevuka bahari kuja kusaidia watu, nikawa wa kwanza kwenye orodha ya waliosaidiwa. Koti ni zuri, sitaki unafiki, ila mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa mikono mirefu. Nikisalimiana na watu wanashika kitambaa tu, mkono wenyewe wanautafuta humo ndani.

Tuje kwenye jua. Sisi tumezoea kwamba saa moja asubuhi jua limeshatoka na watu wameshaamkiana. Huku kadiri Desemba inavyokaribia, inafika hiyo saa moja, giza. Saa moja na nusu, giza. Jioni ndiyo usiseme. Kitinda mimba wetu alitazama dirishani saa kumi na moja, akaona giza totoro, akaenda kuvaa nguo za kulala bila kuambiwa, kisha akaja kutulalamikia kwamba tumemlaza bila chakula. Wanasema sababu ni dunia kuinama, nyuzi 23.5, kwa hiyo miezi hii upande wa kaskazini unalipa jua kisogo. Sawa, hilo nimelielewa. Nililoshindwa kulisamehe nimelisikia kwa binti yangu, kalitoa shuleni: mwanzoni mwa Januari ndipo dunia inapokuwa karibu zaidi na jua kuliko siku zote za mwaka. Karibu kwa kilomita milioni tano hivi ukilinganisha na Julai! Yaani tunasogezwa jirani na moto ili tugande vizuri. Ukaribu wa nini huo?

Halafu wakaingilia hata saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, usiku wa manane, ikifika saa tisa wanairudisha kuwa saa nane. Nchi nzima! Ujerumani ilianzisha mtindo huu mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kubana makaa ya mawe. Vita vilikwisha zamani. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lenyewe likapiga kura mtindo ukome, na saa bado zinarudishwa. Mimi yangekuwa hayanihusu, ila usiku huo nilikuwa zamu kwenye malazi ya watu wasio na makazi. Saa nane hadi saa tisa nikaikesha, nikaona sasa zamu inasogea. Mara tunaambiwa ni saa nane tena. Mwenzangu wa kuajiriwa akaandika saa moja ya ziada kwenye karatasi yake ya malipo. Mimi wa kujitolea nikaambiwa asante. Mara mbili, nisiwe mwongo.

Nyumbani nako kuna vita. Vioo vya madirisha vinatokwa jasho asubuhi, maji yanatiririka hadi kwenye kingo, na tumeonywa kwamba pumzi zetu, mvuke wa jikoni na nguo tunazoanika ndani vitaotesha ukungu kwenye pembe za kuta. Dawa yake? Fungua madirisha yote, wazi kabisa, dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Joto tumelisubiri tangu alfajiri, limeanza kunoga, tunalifungulia njia liende zake! Na wakati huo huo hewa tuliyopasha ni kavu, midomo imepasuka, na kila kitasa cha mlango kinarusha cheche. Maji dirishani, ukame usoni. Wachague moja. Juzi nilimgusa mama watoto begani, cheche ikaruka, tuk! Akasema tangu tuoane hajawahi kuona kitu kama hicho. Sikuuliza ana maana gani.

Yeye, kwa taarifa yenu, baridi anaipenda. Amejifunza kufuma. Watoto ndio kabisa, kila asubuhi wanakimbilia dirishani kuangalia kama theluji imeanguka. Na jana kwenye kikao cha wakazi wa jengo, nilipotoka tu kwenda kujibu simu, akajitolea kwa niaba ya familia yetu kusafisha theluji njia ya wazee wa jengo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, msimu mzima. Theluji haijaanguka hata chembe, lakini koleo limeshaletwa, limeegemezwa mlangoni kwetu. Ratiba nayo imebandikwa ngazini. Nimeisoma yote, juu hadi chini. Watoto hawamo. Mama watoto hayumo. Kuna jina moja tu, limeandikwa kwa wino mwekundu, na mwandiko naufahamu.