Hashi imelingana, haya, halafu?

Kuna watu ukiwaambia hashi ya faili imelingana na ya kwenye orodha ya mafaili yanayojulikana wanapumua kabisa, kazi imeisha. Hapo ndo tunapokosana. Hashi ni kama alama ya kidole, unapitisha faili kwenye SHA-256, kanuni mojawapo ya kupiga hashi, zinatoka herufi na tarakimu 64, ukigusa hata baiti moja mle ndani zinatoka nyingine kabisa.

Sasa Marekani pale NIST, taasisi yao ya viwango, wana mradi unaitwa NSRL, wanakusanya programu, wanapiga hashi za mafaili yake, orodha wanatoa bure. Mpelelezi aliyeletewa laptop yenye mafaili laki tano atayafungua moja moja mpaka lini? Anayapitisha kwenye orodha, ya Windows na Office yanajiondoa, anabaki na vitu vya mwenye laptop, picha zake, barua zake, mahesabu yake. Kwa hilo sina ubishi.

Shida ni kwamba "linajulikana" watu wanasoma "salama". Mle kwenye NSRL kuna hadi zana za kudukulia, ukitupa kila kilichomo bila kuangalia ni nini unaweza ukatupa ushahidi wenyewe. Na 2017 CCleaner 5.33, programu ya kusafishia kompyuta, ilitoka kwa watengenezaji wenyewe, ina sahihi yao halali ya kidijitali, na kirusi ndani! Hashi hapo ingelingana vizuri tu.

Wengi wanaopinga hashi wanakimbilia "MD5 ilishavunjwa", yaani kanuni ya zamani ya kupiga hashi. Kweli, 2004 watafiti wa China walionyesha mafaili mawili tofauti yenye hashi moja, 2017 Google na CWI, kituo cha utafiti cha Amsterdam, wakaiangusha SHA-1, kanuni nyingine ya zamani, hivyohivyo. Ila wanasahau kitu, kwenye mashambulizi hayo mshambuliaji anayaunda mafaili yote mawili mwenyewe, kuchukua faili la Windows ambalo lipo tayari halafu utengeneze kirusi chenye hashi ileile, hata kwa MD5 hamna aliyeonyesha hadharani kwamba kaweza. (Tumia SHA-256 lakini, haina gharama yoyote.)

Mimi kinachonisumbua zaidi ni upande wa yasiyomo. Kirusi kikiongezwa baiti moja tu hakimo tena kwenye orodha ya hashi za virusi vinavyojulikana, na programu ya mauzo aliyoandika kijana wa Mwanza kwa duka moja haimo NSRL na haina kosa lolote, halafu mafaili ya Windows ya flashi ya fundi yaliyochokonolewa ili isidai leseni nayo hayamo. Hayo matatu yanabaki fungu moja, na hapo inabidi ufungue uangalie kwa macho.