Chai ya Tangawizi kwenye Barabara ya 65

Mjomba ameendesha malori kati ya Tanga, Segera na Chalinze tangu enzi ambazo dereva alikuwa mtu wa kuamkiwa na mtaa mzima. Ndiye aliyenifundisha gia. Kwa hiyo alipokuja kunitembelea Columbus, Ohio, mwezi wa Januari, na safari ya kwenda Phoenix, Arizona, kwa binti yake ikapangwa, ramani ilibidi nimfungulie kwa adabu.

Njia fupi ni barabara kuu namba 70 mpaka St. Louis, 44 mpaka Oklahoma City, kisha 40 hadi Flagstaff, halafu unateremka Phoenix. Flagstaff ndiyo inayowaponza watu. Wakisikia Arizona wanawaza jangwa tu, kumbe mji wenyewe uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na theluji yake si ya mzaha. Nikachagua ya kusini: 71 hadi Louisville, 65 hadi Nashville, 40 hadi Little Rock kupitia Memphis, 30 hadi Dallas, kisha 20 na 10 kwa njia ya El Paso na Tucson. Inaongeza maili 200 hivi, lakini hupandi milima ile.

"Kwa hiyo theluji hatutaiona?" akauliza.

"Inshallah hatutaiona, mjomba."

Akanuna. Kumbe alishaahidi picha kwenye kundi la ukoo.

Siku ya kuondoka nayo ina hesabu yake. Dhoruba za kule kwa kawaida hutoka magharibi kwenda mashariki, maana yake anayekwenda magharibi anakutana nazo uso kwa uso. Dawa ni kukaa ndani na uji wako, uiache dhoruba ipite, kisha utoke nyuma yake. Theluji ilianguka Jumanne. Jumatano saa nne asubuhi magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji yalikuwa yameshapita, lami inaonekana, tukang'oa nanga.

Ila siku ya baada ya theluji ina adha yake. Barabara inakuwa maji ya chumvi, malori yanakurushia, na yakikauka kioo cha mbele kinapakwa chokaa. Maji ya waipa utayatumia kuliko unavyodhani. Yanunue yale yaliyoandikwa kwamba hayagandi mpaka nyuzi -29 za selsiasi, na galoni ya akiba iwe kwenye buti. Yangu yalikuwa hayo hayo.

Tulisimama sheli kusini ya Louisville. Nje ni -9. Nikainama kupima upepo: ubaridi ukishuka kwa nyuzi tano na nusu hivi, tairi hupoteza kama psi 1, na gari langu lilikuwa limejazwa ndani ya gereji yenye joto. Niliponyanyuka, boneti iko juu na mjomba anajifuta mikono.

"Maji ya waipa yalikuwa yameshuka. Nimekujazia."

"Umejaza nini, mjomba?"

"Maji. Ya bomba la chooni pale, masafi kabisa. Dereva asiyekagua maji si dereva. Na rejeta nayo ningeiongeza, ila mfuniko wa moto."

Nilimshukuru Mungu kwa ule mfuniko. Kwenye rejeta mna mchanganyiko wa nusu kwa nusu, unaostahimili mpaka -37 hivi, na kila chupa ya maji matupu inaupunguzia nguvu. Kuhusu waipa nikasema "ahsante, mjomba", kwani utasema nini? Niliamua kutoyagusa mpaka tufike penye joto.

Maili kumi mbele, lori likatupita na kutumwagia kioo kizima. Kabla sijafungua mdomo, mkono wa mjomba ulikuwa umeshafika kwenye swichi.

Kinachozuia maji hayo yasigande ni methanoli. Ukiyazimua inapungua, na upepo wa mwendo kasi unaikausha hata hiyo iliyobaki kabla maji hayajakauka. Yanayobaki kwenye kioo ni maji ya choo cha sheli, nayo yaliganda pale pale. Mbele pakawa kama kioo cha bafuni. Hapo hufungi breki na hurudii waipa, maana unaongeza tabaka. Nilichungulia kwenye kiraka cha ukubwa wa kiganja juu ya usukani, nikawasha taa za hatari, nikapunguza mwendo polepole na kutokea njia ya mchepuko iliyofuata.

Kilichotakiwa ni hita ielekezwe kwenye kioo ikianza chini, dakika kumi za subira, na kwangua ya plastiki. Nikaenda kwenye buti kuchukua kwangua na galoni ya akiba. Niliporudi, mjomba alikuwa mbele ya gari na chupa ya chai, kifuniko kimeshafunguliwa.

"Mjomba, usi—"

Tak!

Upande wa abiria palikuwa na kidonda kidogo cha jiwe, kidogo kuliko shilingi. Uso wa nje ukitanuka ghafla huku pembeni bado pana baridi, kioo hupasuka palipo dhaifu. Ufa ulitoka kwenye kile kidonda ukapanda hadi katikati. Na ile chai, yenye maziwa na sukari vijiko vya kutosha, nayo ikaganda, majani yakiwa yamenasa kwenye mpira wa waipa.

Mjomba akautazama ufa, akainua chupa, akanywa iliyobaki.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanwa na plastiki katikati, na uliopasuka ni wa nje tu. Tulikwenda hadi Nashville mwendo mdogo, hita chini kabisa, meno yakigongana. Kidonda peke yake kingezibwa kwa gundi maalumu. Ufa wa urefu ule ni kubadilisha kioo, kungoja gundi ishike, halafu kuiweka upya sawa kamera ya kumsaidia dereva iliyo nyuma ya kioo, na bei inapanda kila hatua.

Fundi aliinua waipa, akanusa, akabandua kipande cha tangawizi na kukiweka kaunta mbele yetu. Akauliza ni kitu gani.

"Anasemaje?" mjomba akauliza.

"Anauliza tulimwagia nini."

"Mwambie tangawizi haina neno. Kioo kimepasuliwa na sukari."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mjomba alikuwa ananisikiliza.