Sufuri za Kigamboni: kwa nini jedwali la safari za jana halitoshi

Jiji likigawanywa kanda 200, jedwali la safari za kutoka kila kanda kwenda kila kanda lina visanduku 40,000. Dodoso la kaya haliwezi kuvijaza vyote, kwa hiyo vingi husomeka sufuri. Ili kukadiria safari za baadaye, mbinu ya Thomas Fratar, iliyotumika Cleveland, Marekani, mwaka 1954, huchukua safari za leo na kuzizidisha kulingana na ukuaji wa kila kanda. Lakini sufuri, hata uizidishe mara kumi, hubaki sufuri.

Kabla ya Daraja la Nyerere, lenye mita 680, kufunguliwa Aprili 2016, mkazi wa Kigamboni, Dar es Salaam, alivuka kwa pantoni hadi Magogoni au akazunguka kwa barabara kupitia Kongowe. Kazi iliyokuwa Kurasini, ng'ambo tu ya maji, wengi hawakuwa na sababu ya kuitafuta. Jedwali la wakati huo, hata likikuzwa kwa miaka 20, lingeonyesha kwamba daraja litapata wavukaji wachache. Linahesabu kikwazo kana kwamba ni hiari ya watu! Na wanaoumia ni wale wale waliokosa njia tangu mwanzo.

Modeli ya mvutano, njia nyingine ya kukadiria safari, iliyoiga fomula ya Newton ya mvutano wa sayari, huuliza swali jingine: upande huu kuna wakazi wangapi, upande ule kuna ajira kiasi gani, na kufika huko kunagharimu muda na fedha kiasi gani? Weka daraja, punguza dakika, ongeza tozo, na makadirio yanabadilika. Wapo wanaoibeza kwamba binadamu si sayari. Lakini mwaka 1967 mtaalamu Mwingereza Alan Wilson alionyesha kwamba fomula hiyo hupatikana bila Newton, kwa kutafuta tu mpangilio wa safari wenye uwezekano mkubwa zaidi, jumla za kanda na gharama zikijulikana.

Udhaifu wake upo. Mfanyakazi wa ndani wa Mbagala anayekwenda kazini Masaki, mbali na kwake, kila siku, modeli itampeleka kwenye ajira ya karibu, wakati jedwali la zamani linamjua. Wataalamu huziba pengo kwa visahihishi, yaani namba za kurekebisha makadirio ya kila jozi ya kanda, na vikizidi, mazoea ya jana yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa makadirio ya mwaka mmoja au miwili, barabara zikiwa zilezile, mbinu ya Fratar inatosha. Panapojengwa daraja au njia ya mwendokasi, jedwali la zamani litumike kuipima modeli, lisikae mahali pake.