Namba ya Dawes ni mwanzo tu

Mwandishi wa makala kaeleza namna ya kutafuta babu kwenye orodha za Dawes, yaani orodha za serikali ya Marekani za watu wa yale mataifa matano ya wenyeji asilia wa Oklahoma (Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole), pamoja na waliokuwa watumwa wao, akaishia kwenye namba ya mtu kwenye orodha. Jamani, hapo bado! Orodha, iliyofungwa 1907, kwa hao waliokuwa watumwa inakupa jina, umri, jinsia na namba ya kadi, basi. Itafuteni kadi yenyewe ya sensa. Kwenye kadi za walioachwa huru, yaani waliokuwa watumwa na watoto wao, kuna jina la baba na la mama, na kando yake jina la aliyekuwa akiwamiliki. Hapo ndipo unaporudi nyuma ya mikataba ya 1866, iliyothibitisha uhuru wa watumwa wa mataifa hayo. Kiwango cha damu, yaani sehemu ya ukoo wa mtu iliyo ya wenyeji asilia, msikitafute: walioachwa huru hawakuandikiwa, hata kama bibi yao alikuwa Mcherokee.