Kusikiliza bila kujua: jaribio linathibitisha nini hasa?

Ubishi kuhusu vifaa vya muziki hauishi. Wapo wanaosema amplifaya hii ina sauti tamu kuliko ile, kebo hii imeupa muziki uhai, na wanaapa wamesikia kwa masikio yao wenyewe. Wengine wanadai jambo moja tu: sikiliza tena bila kujua kipi kinapiga, tuone kama utakitambua. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, lakini naona mara nyingi wanalibebesha jaribio lao mzigo lisioweza kuubeba.

Nguvu yake haina shaka. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwaomba wafanyakazi 40 wa Harman, kampuni inayotengeneza spika, wazipe alama spika nne, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Zilipofichwa, seti ndogo ya bei nafuu ilijitetea vizuri. Ilipoonekana, alama zake zikaporomoka. Kinachonishangaza zaidi ni hiki: spika ikihamishwa mahali chumbani, sauti yake hubadilika kweli, na waliosikiliza bila kuziona spika walilionyesha badiliko hilo katika alama zao. Walioona hawakulijali. Macho yaliwafutia hata kile ambacho masikio yangekipata, na hawa walikuwa watu wa kazi hiyohiyo.

Hata hivyo, pazia peke yake halitoshi. Sauti ikizidi nyingine kidogo tu, pungufu ya desibeli moja, msikilizaji haoni kwamba imeongezeka. Anaona ina uwazi zaidi, au besi imeshiba. Ndiyo maana watu makini hupiga mlio wa hezi 1,000, wakapima volti pale waya unapoingia kwenye spika, na kurekebisha mpaka tofauti isizidi desibeli 0.1. Kifaa kimoja kikitoa volti 2.83, kingine kisipite 2.86. Kwa kuzungusha kitufe na kukadiria, hufiki hapo. Tena kubadilisha kuwe papo hapo, maana kumbukumbu ya sauti yenyewe hufifia ndani ya sekunde chache. Anayetumia dakika tatu kuchomoa na kuchomeka kebo analinganisha anachokisikia na anachodhani alikisikia.

Udhaifu uko kwenye hesabu. Jaribio linalopendwa ni ABX: unasikilizishwa A, kisha B, halafu X ambayo ni mojawapo ya hizo, useme ni ipi. Raundi huwa 16 mara nyingi, na anayepatia 12 anahesabiwa kuwa amesikia, kwa kuwa uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha haufiki asilimia 4. Sawa. Sasa mchukue mtu anayesikia tofauti kweli, lakini ndogo, kiasi cha kupatia mara 6 katika kila 10. Uwezekano wake wa kufikisha 12 katika raundi 16 ni takriban asilimia 17. Mara nyingi atafeli, na kufeli kwake kutatangazwa kuwa ushahidi kwamba tofauti haipo. Raundi zilikuwa chache mno, basi.

Mjadala kuhusu kama masikio yanaweza kuzitofautisha rekodi za kiwango cha juu kuliko CD na zile za CD unalionyesha hili. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya jaribio lao la kuzitofautisha: majibu sahihi 276 kati ya 554, sawa na kurusha sarafu. Wengi wakaona kesi imekwisha. Mwaka 2016 Joshua Reiss akajumlisha tafiti 18 za aina hiyo na kupata majibu sahihi asilimia 52.3, huku waliopewa mafunzo wakifika takriban 60. Wapinzani wanaweza kujibu kwamba kasoro za vifaa katika tafiti chache zinatosha kuleta hizo asilimia mbili zilizozidi 50, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa anayetaka kununua kifaa, tofauti inayohitaji maelfu ya majaribio ndipo ijitokeze si ile anayosimuliwa dukani.

Malalamiko kwamba jaribio huleta wasiwasi, au kwamba kifaa hufahamika baada ya wiki kadhaa, nayapa uzito mdogo. Hakuna kanuni inayolazimisha haraka. Kifaa kinaweza kukaa nyumbani kwako mwezi mzima ndani ya boksi lililofungwa, mradi hujui kilichomo. Kuhusu wasiwasi, mwongozo wa kimataifa wa kupima ubora wa sauti, ITU-R BS.1116, unataka wasikilizaji wazoefu, tena wafanye mazoezi kwanza.

Ninachokitafuta katika kila ripoti ni raundi za kupima jaribio lenyewe: je, waliingiza tofauti ndogo wanayoijua, tuseme besi iliyopunguzwa kidogo, na wasikilizaji wakaikamata? Wakiikamata hiyo kisha wakashindwa kutofautisha kebo mbili, nitaamini kwamba kebo hizo hazina tofauti ya maana kwao. Raundi hizo zisipokuwepo, sijui kama walioshindwa ni masikio, chumba au vifaa.